Mwaka Tuliomuuguza Watasema

Anayesoma hapa anivumilie. Nimeishia darasa la saba, na tangu utoto r na l kwangu ni kama mapacha: kila mara namwita mmoja kwa jina la mwenzake. Mwandiko nao unapanda na kushuka kama mtu aliyebeba ndoo mbili zisizolingana uzito. Dada aliyekubali kunichapia ameahidi kunyoosha tahajia, lakini amesema maneno yenyewe hatayagusa, nami nimefurahi. Naandika polepole, ukurasa mmoja hunimalizia jioni nzima, kwa hiyo sitaeleza habari za kuzaliwa kwangu wala za ukoo. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule niliokuwa na miaka kumi na tisa, nikiishi Ujiji kwa Mama Mkubwa, karibu na ziwa.

Kilichonikumbusha ni msiba. Mama Mkubwa ametutoka mwaka huu, masika yalipokwisha. Siku ya mazishi nilikuwa jikoni, kwenye moshi, pamoja na wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani, akaingia mwanamume mrefu aliyevaa kanzu. Alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi. Wanawake wakatazamana. Mmoja akauliza kwa Kiha kama mtu huyu hajakosea msiba, maana mtaa wa pili nako kulikuwa na maziko, na wale walikuwa Waislamu wenzake. Nikasema, "Hajakosea. Huyu ni wa hapa." Ilibidi nirudie, kwa sababu sauti yangu ikitoka mara ya kwanza huwa inaishia kwenye meno. Yeye akainua macho, akanionyesha ndizi aliyomenya, kama anauliza: unene huu unatosha? Nikaitikia kwa kichwa kwamba unatosha. Nilipogeuka kuchochea moto nilijikuta nalia, na wote wakadhani nalia kwa ajili ya marehemu tu.

Yule mtu ni Shabani. Zamani mji mzima ulimwita Kufuli, kwa sababu alikuwa kipa, na watu walisema lango lake likifungwa halifunguki. Sikumfahamu kwa mpira. Mimi sikuwa mtu wa kwenda uwanjani, hata dukani nilipenda kwenda wakati hakuna wateja. Nilimfahamu kwa sababu ya mbwa.

Mama Mkubwa alikuwa akinunua dagaa mwaloni, pale boti zinapotia nanga asubuhi baada ya kuvua usiku kucha kwa taa, na kuwaanika kwenye chanja na mchangani nyuma ya nyumba yetu. Ukianika dagaa una maadui wengi: kunguru, bata wa jirani, paka, na watoto wanaopita wakichota kiganja. Kwa hiyo alifuga mbwa. Alikuwa jike, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alilinda chanja kutwa nzima na hakula hata dagaa mmoja mpaka apewe. Jina lake lilikuwa Watasema. Wengi Ujiji hawapendi mbwa, na wale wachache wanaofuga huwa wanawapa majina yenye ujumbe kwa majirani. Mama Mkubwa alipoachana na mumewe na kuanza biashara yake, maneno yalikuwa mengi, akaona ampe mbwa jina ambalo atalipaza kila asubuhi. "Watasema, njoo! Watasema, kula!" Bi Mwajuma, jirani yetu, alikuwa akijibu kutoka upande wake wa ukuta: "Tumesikia, mama, na leo hatuna la kusema, tumechoka." Wakacheka wote wawili.

Mwaka ule timu ya Shabani ilikuwa imefungwa mechi mbili kwa mabao ya kizembe. Moja lilimpita katikati ya miguu. Watu wakaanza kusema ameuza mechi. Nilisikia hata mwaloni, wanawake wakipima dagaa kwa debe: "Kufuli siku hizi lina funguo nyingi." "Funguo gani, shoga? Noti." Wakati huohuo kulikuwa na habari kwamba timu kubwa ya Dar es Salaam itatuma mtu kuja kumtazama. Kijana wa miaka ishirini na mbili, mama yake anauza vitumbua, reli inaanzia hapa hapa Kigoma, na yeye anaona maneno ya watu yanataka kumzuia asipande. Sasa nikiwa mtu mzima, nina watoto wawili, ninaweza kumwona kijana yule na kumhurumia. Wakati ule sikuweza.

Alikwenda kwa mganga. Kwenye mpira wetu jambo hilo lina jina la heshima, linaitwa kamati ya ufundi, na hakuna anayeshangaa. Akapewa uzi wa kushonea nyavu uliopigwa mafundo. Alhamisi moja Mama Mkubwa na mimi tulikuwa sokoni. Tuliporudi, bata walikuwa wamejaa kwenye chanja wanakula watakavyo, na mbwa hayupo. Tulimtafuta siku zote zile. Jumapili ikachezwa mechi dhidi ya timu ya mjini Kigoma, wakashinda bao moja, na Shabani akadaka penalti dakika za mwisho. Walimbeba mabegani kutoka uwanjani mpaka Ujiji, wakapita mbele ya nyumba yetu na ngoma. Jumatatu asubuhi mtu anayekarabati maboti alituita. Watasema alikuwa amejificha chini ya boti bovu lililopinduliwa. Uzi ulikuwa umezungushwa mdomoni mwake, ukakazwa, na kwa siku zile mwili ulikuwa umevimba na kuumeza uzi, hata huuoni. Hakuweza kula, kunywa, wala kubweka. Aliponiona alipiga mkia mchangani, taratibu.

Nisingependa kuandika zaidi juu ya siku hiyo. Daktari wa mifugo, mama mmoja mwembamba mwenye pikipiki, alikuja akamkata uzi nyumbani kwetu, kwenye chumba cha kuhifadhia dagaa kwa sababu ndicho chenye mwanga. Mimi nilishika kichwa. Mama Mkubwa alisimama mlangoni ametupa kisogo. Daktari alipomaliza alinionyesha simu yake. Kijana mmoja alikuwa amempiga Shabani picha za video akiwa na mbwa mwaloni, na baada ya ushindi akazisambaza akiziita siri ya ushindi. Watu walikuwa wanazitazama wakicheka. Daktari hakucheka, alizipeleka polisi.

Kesi ile ilivuta watu kuliko mechi. Wengi walikuja kuchekeshwa, maana hawakuwahi kusikia mtu akishitakiwa kwa ajili ya mbwa. Shabani alikiri. Nakumbuka sauti yake, nene, sauti ya mtu aliyezoea kuwapigia kelele mabeki. Hakimu, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba, alimuuliza, "Mganga alikwambia nini hasa?"

"Alisema, mheshimiwa, 'Watasema. Watasema mpaka uwafunge mdomo.'"

"Uwafunge. Yaani watu wengi."

"Mimi nilielewa umfunge, mheshimiwa."

"Umfunge nani?"

"Watasema."

Hakimu akavua miwani. "Watasema ni nani?"

Karani akainama, akamnong'oneza kwa sauti ambayo sote tuliisikia: "Ndiye mbwa mwenyewe, mheshimiwa."

Watu walicheka mpaka askari akagonga mlango kwa kirungu. Hata hakimu aliziba mdomo kwa karatasi. Watu wawili tu hawakucheka: Mama Mkubwa na Shabani. Yeye alikuwa ndiyo kwanza ameelewa. Nilimwona akisogeza midomo, akirudia kimoyomoyo, uwafunge, umfunge, na uso wake ukabadilika rangi kama chungu kilichotolewa motoni. Mganga, alipoulizwa baadaye mtaani, alisema yeye alizungumzia watu, wala hajui habari za mbwa wa mtu.

Alipewa kifungo cha nje. Asubuhi afagie na kuosha mazizi ya ofisi ya mifugo, na baada ya hapo aje kwetu kila siku kumuuguza mbwa, kwa sababu Daktari aliiomba mahakama hivyo. Kabla kifungo hakijaisha mwenye mbwa ataitwa. Akisema hakuridhika, muda uliobaki Shabani ataumalizia ndani, gerezani. Timu ikamfukuza siku hiyo hiyo. Mtu wa Dar es Salaam hakuonekana tena. Watu walishangaa Mama Mkubwa kukubali mtu yule aingie kwake. Nilimsikia akimwambia Bi Mwajuma: "Ndani atakaa hamuoni. Mimi nataka amuone."

Siku ya kwanza alisimama mlangoni akasema "Hodi" kwa ile sauti yake. Watasema alijikojolea, akajaribu kupanda ukuta kwa kucha. Daktari akamtoa Shabani nje, akamwambia maneno ambayo nimeyakumbuka miaka yote hii: "Mikono yako naihitaji. Sauti yako iache barabarani." Tangu siku hiyo aliingia kimya. Na mimi ndiye niliyepangiwa kumsaidia, kwa sababu mbwa aliniamini.

Ningependa mjue ilivyokuwa kwa mtu kama mimi. Maisha yangu yote watu walikuwa wakiniambia, sema basi, ongea, umemeza ulimi? Sasa kikawepo chumba ambacho kuongea kulikatazwa kwa amri ya daktari. Kilikuwa kidogo, na dirisha la wavu, magunia ya dagaa upande mmoja na mkeka wa mbwa upande wa pili, na harufu ile ya samaki mkavu ambayo hata leo nikiisikia natulia. Shabani alizoea kupanga ukuta wa mabeki kwa mikono kabla ya mpira wa adhabu, basi akanipanga mimi hivyo hivyo. Kiganja juu: maji. Vidole viwili: kitambaa. Ngumi kifuani: ngoja kidogo, anaumia. Tulimwosha vidonda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Tulimnywesha mchuzi wa samaki waitwao migebuka kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa meno. Mchuzi nilikuwa nauchuja mimi usibaki na mwiba. Mwezi wa kwanza mbwa alikuwa akitetemeka tangu Shabani anaingia mpaka anatoka.

Shabani alipomaliza kazi alikwenda kwenye pipa la maji uani, akaokota udongo, akausugua mikononi, akasuuza, akasuuza tena na tena. Mama Mkubwa alimtazama kwa siku kadhaa kutoka jikoni. Alikuwa hamsemeshi. Salamu yake hakuijibu, maana haikuwa ya maneno, alikuwa akiinama tu. Chakula hakumpa hata siku moja, na kwa watu wa kwetu kumwacha mtu atoke nyumbani kwako wakati wa mchana bila kumwonjesha chochote ni neno zito kuliko tusi. Siku moja akaniita. "Mwambie yule, kama nyumba yangu inamchafua, asiingie. Anajisugua kama aliyetoka chooni."

Sikumwambia. Nilikwenda kwa Bi Mwajuma, nikauliza kwa mafungu, kama kawaida yangu. Akanicheka kidogo. "Siyo nyumba yenu, mwanangu. Ni mate ya mbwa. Sisi tumefundishwa hivyo: maji mara saba, moja lichanganywe na udongo, ndipo usimame kuswali. Kijana wa watu anajitahidi."

Nikamrudishia Mama Mkubwa maneno hayo. Alikuwa anapepeta mchele. Akaacha ungo hewani.

"Kwa hiyo kila akimshika anajiosha mara saba?"

"Ndiyo."

"Na kesho anakuja kumshika tena?"

"Anakuja."

Asubuhi yake niliamka nikamkuta ameinama uani anachekecha udongo kwa chekecheke la unga. Alitoa mawe na vijiti vyote, akaujaza kwenye bakuli la bati, akaliweka kando ya pipa, akalifunika kwa kipande cha kanga lisiingie kinyesi cha kuku. Shabani alipofika aliliona. Akalifunua, akachota kidogo tu, kama mtu anayechota sukari kwenye nyumba ya watu.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Hapo Mama Mkubwa alipata tabu, kwa sababu adhabu yake ya kumnyima mtu chakula ilikosa kazi: mwenyewe hali mchana. Alimwona akimnywesha mbwa mchuzi wa samaki huku midomo yake mwenyewe imekauka. Siku ya tatu au ya nne akapika uji wa mchele na viazi vitamu, akatia kwenye hotipoti. "Mwambie yule afuturu kwao na mama yake. Na umwambie hotipoti yangu irudi." Ilirudi kesho yake imeoshwa, ndani imewekwa vitumbua. Mama Mkubwa alikula kimoja amesimama, akasema mama yake Shabani anatia iliki nyingi. Jioni akajaza tena. Hotipoti ile ilikwenda na kurudi mwezi mzima, na wawili hao bado hawajasemeshana.

Vidonda vikaanza kufunga. Manyoya hayakuota tena pale uzi ulipopita, ikabaki alama kama hatamu. Watasema akaanza kula mwenyewe, kwanza mkononi mwangu, halafu, siku moja ya mwezi mpevu, wavuvi wa taa wamepumzika kwa sababu ya mbalamwezi na mwaloni kumetulia, akala mkononi mwa Shabani. Alinyoosha shingo, akachukua dagaa mmoja kwa ncha ya meno, akarudi nyuma. Shabani hakutikisika. Machozi yalimtoka bila sauti yoyote, naye akaweka ngumi kifuani: ngoja kidogo. Safari hii alikuwa anajisemea mwenyewe.

Nilidhani hapo kazi imekwisha. Lakini tarehe ya mahakama ilipokaribia, Mama Mkubwa aliweka sharti. "Mwambie yule hivi. Mbwa anayekula mkononi mwa mtu bubu hajapona, amedanganyika. Siku akila huku anaisikia ile sauti, nitajua kapona, na nitakwenda kwa hakimu na la kusema. Kabla ya hapo sina."

Nikamfikishia nje, barabarani, mahali ambapo sauti yake iliruhusiwa. Alinisikiliza akitazama ziwani. "Mama ana haki," akasema. Kisha akaniuliza, "Wewe unaonaje, Vene?" Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza naonaje jambo na kisha akasubiri nimalize kujibu. Nikasema labda aanze kwa kunong'ona.

Akaanza kwa kunong'ona. Mbwa akatema samaki, akajibanza kwenye magunia. Kesho yake vivyo hivyo. Tukajaribu akae mbali, mlangoni, akaniachia mimi nimlishe, yeye aseme neno moja tu. Mbwa akaacha kula. Akajaribu kuimba kaswida kwa sauti ya chini. Nikawaza labda mbwa haogopi sauti, labda anaogopa Kiswahili, kwa sababu ndicho alichosikia mwaloni siku ile. Nikamfundisha Kiha changu, ambacho kimechanganyika na Kirundi. Tulikaa juu ya ukingo wa boti, mimi nisiyesema, nikamfundisha mtu mzima kusema. "Mwakeye," nikamwambia, ndiyo salamu ya asubuhi. "Ngwino," maana yake njoo. Matamshi yake yalikuwa mabaya kiasi kwamba nilicheka mpaka nikaficha uso kwenye kanga. "Unacheka, na mimi naelekea gerezani," akasema, naye akacheka. Kesho yake akaingia, akachuchumaa, akasema kwa upole wote duniani, "Ngwino." Watasema akamtazama. Sikio lililosimama likalala. Akatetemeka, akaondoka chumbani, akaenda kukaa chini ya chanja.

Mpaka siku ya mahakama hakula.

Mama Mkubwa alivaa kitenge chake cha kanisani. Njiani niliogopa kumuuliza atamwambia nini hakimu. Shabani alikuwa ameshafika, ameketi kwenye benchi la korido na mama yake. Mfuko wa nguo ulikuwa miguuni, mswaki umechungulia pembeni. Mama yake ndiye aliyeufunga, nadhani, kwa sababu alikuwa ameushika mpini kama anayezuia usiondoke. Shabani akasimama.

"Shikamoo, Mama."

Korido nzima ilikuwa inasikiliza. Mama Mkubwa alimtazama kuanzia viatu.

"Marahaba," akasema. "Umekula?"

"Bado, Mama."

Akafungua pochi, akatoa muhogo wa kuchemsha uliofungwa kwenye jani la mgomba. "Kula. Usisimame mbele ya hakimu na njaa, utajibu vibaya." Akala amesimama, mbele yetu, na mama yake akageukia ukutani.

Ndani, hakimu alimsikiliza kwanza Daktari, aliyesema vidonda vimepona na Shabani hakukosa siku. Kisha akamuuliza Mama Mkubwa kama ameridhika.

"Mheshimiwa, waliokosewa ni wawili. Mmoja ni mimi. Mwingine yuko nyumbani analinda dagaa. Mimi nimeridhika. Yule mwingine bado, na siwezi kumsemea."

"Yule mwingine ni mbwa, mama."

"Najua ni mbwa. Ndiye aliyefungwa mdomo."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hakimu akauliza, "Sasa unataka mahakama ifanye nini?"

"Mahakama imwachie. Ila yeye mwenyewe asijiachie."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, kisha akamwachia. Mama yake Shabani alipiga magoti pale pale kumshukuru Mama Mkubwa, naye akamnyanyua, akamwambia apunguze iliki. Wakatoka wameshikana mikono, wawili wasiokuwa wamewahi kukutana ila kwa hotipoti.

Kesho yake, saa ile ile, Shabani alikuja. Hakuwa na kifungo tena. Aliinama mlangoni, akaingia chumbani, akachuchumaa kwenye mkeka. Mama Mkubwa akasimama na mwiko. "Leo nani kakutuma?" Akainua mabega. "Basi ukimaliza, usiondoke, kuna ugali," akasema, na siku hiyo tulikula pamoja, ugali wa muhogo na samaki aitwaye kuhe aliyeungwa kwa mawese, watu watatu kwenye sinia moja.

Timu ilimrudisha msimu uliofuata. Nilikwenda uwanjani kwa mara ya kwanza, nikakaa karibu na Bi Mwajuma ili nijifiche. Mashabiki wa upande wa pili walibweka mechi nzima. "Hau, hau! Kufuli, mbwa wako anakuita!" Kila mpira ulipomfikia walibweka. Na yeye alikuwa amesahau kupiga kelele. Mabeki walimgeukia wasikie maelekezo, naye akawaonyesha vidole viwili, akawaonyesha kiganja, wasielewe. Wakafungwa mabao matatu. Baadaye hakuendelea sana. Sasa anafanya kazi ya kuunda maboti, na jioni anafundisha watoto udakaji pale mchangani. Wao wanaelewa mikono yake yote.

Watasema aliishi miaka mingi. Alikufa mwaka nilioolewa, uzee tu, amelala kwenye kivuli cha chanja. Katika miaka hiyo yote alikula mkononi mwa Shabani, alimfuata mwaloni, alilala juu ya miguu yake. Lakini mtu yule akisema neno moja, hata kumjibu mtu salamu, mbwa aliinuka akaenda mbali. Shabani alikuwa akijaribu, si kila siku, lakini hakuacha. Neno moja, halafu anasubiri.

Siku ya msiba, watu walipokwisha kula, tulikaa yeye na mimi nje ya jiko tukisafisha masufuria. Majivu yalikuwa yamemjaa kwenye kanzu. Akaniuliza, "Vene, hivi Watasema angeishi zaidi kidogo, unadhani angeikubali sauti yangu?"

Sikutaka kumpa jibu la msibani, la kumtuliza mtu ili anyamaze. Nikamwambia sijui, lakini nitauliza watu. Akasema, "Uliza kweli. Mimi nitangoja." Nimezunguka kwa wanaofuga mbwa hapa Ujiji, ni wachache, na kila mmoja alinicheka. Nilifika mpaka Kidahwe kwa mzee mmoja mfuga mbwa wa kuwinda, akasema mbwa husahau njaa lakini mengine yeye hajui.

Ndiyo maana nawauliza ninyi. Kama umewahi kufuga mbwa aliyeumizwa na mtu, na mtu yule akarudi kila siku na mikono mizuri, je, ilifika siku mbwa akaizoea sauti yake? Aliishi miaka mingapi kabla ya siku hiyo? Na kama haikufika, niandikie hivyo hivyo, usiipambe. Hata mistari miwili inatosha, hata kwa Kiha. Nitaipeleka mwaloni anapounda maboti, nimsomee mwenyewe, kwa sauti.